Nasaha kwa Wanaosomeshwa kwa Mkopo na Basari

Mwezi wa Januari, wakati ndengu zimekwisha kuvunwa na kuanikwa juu ya maturubai, na madalali wamekwisha kuanza kuzunguka na mizani zao, mimi huteremka sokoni Tawa, kwetu Ukambani, mapema, nikaketi barazani kwa duka la mpwa wangu, na watu wanaonikumbuka kuwa nilikuwa mwalimu wao au wa watoto wao hunijia na makaratasi. Aghalabu huwa ni fomu za basari, nazo nimezijaza nyingi hata nazijua kwa ghaibu: mahali pa saini ya chifu, mahali pa mhuri wa kanisa, mahali pa kuambatisha cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki. Lakini mwaka mmoja alinijia kijana aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu, amefuatana na mamaye, naye mkononi hakuwa na fomu bali karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Nilipoikunjua niliona ni taarifa ya matokeo yake. Katika yuniti saba alizosajili, nne zilikuwa na alama, na si alama za kuaibisha. Tatu zilikuwa na mstari mtupu mahali pa alama. Na chini ya ukurasa palikuwa na maneno machache ya kusema kwamba hakuruhusiwa kuingia mwaka unaofuata. Mama akaniuliza, "Mwalimu, mbona pesa za Serikali zimekoma, na mtoto hajafukuzwa?"

Swali hilo ndilo lililonitia kuandika makala haya, kwa maana nimekwisha kulisikia mara nyingi kwa vinywa mbalimbali, na kila mara jawabu lake ni moja.

Kijana yule hakuwa mjinga. Mama alipokwenda kununua chumvi nilimuuliza taratibu, naye akanieleza kwamba karo ya muhula ilikuwa imebaki kidogo kulipwa, basari aliyoitarajia ikachelewa, na akakosa kadi ya mtihani. Mitihani minne ya kwanza aliruhusiwa kuifanya kwa ahadi ya kulipa. Ile ya wiki ya pili akasimamishwa mlangoni, wenzake wakampita wakiingia. Akarudi chumbani, akafunga mlango, akalala. Hakumwambia mhadhiri, hakumwambia mkuu wa idara, wala mamaye hakumwambia. Muhula uliofuata akahudhuria masomo kana kwamba hapana lililotukia, mpaka matokeo yakatoka. Na wakati wa kuomba mkopo wa mwaka mwingine ulipowadia hakuomba, kwa kuwa aliona haya kuomba fedha za mwaka ambao jina lake halimo. Basi mama aliposema kwamba mtoto hajafukuzwa alisema kweli, na Bodi ya Mikopo iliyokoma kumpa fedha haikumdhulumu. Baina ya kufukuzwa na kuendelea kuna mahali pa tatu, pa giza, ambapo mwanafunzi yupo chuoni kwa mwili wake lakini hayumo katika hesabu ya mtu yeyote. Na katika wote niliowaona wakipotea tangu nianze kuketi barazani pale, waliopotelea hapo ni wengi kuliko walioshindwa na masomo.

Yafaa msomaji ajue fedha hizi zilikotoka, kwani mwenye kujua asili ya jambo hulishika kwa heshima zaidi. Mfuko wa kwanza wa mikopo ya elimu ya juu katika nchi yetu ulianzishwa mwaka 1952, zama za Waingereza, kwa ajili ya wachache waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Baada ya uhuru Serikali ikawasomesha wanafunzi wa chuo kikuu bila ya kuwadai, kwa kuwa walikuwa wachache na nchi iliwahitaji. Wanafunzi walipozidi, mwaka 1974 ukaanzishwa mpango wa mikopo, na fedha za matumizi zilizoshikwa mkononi ndizo ambazo vijana wa zama zile waliziita bumu. Mwaka 1991 kukaletwa utaratibu wa kugawana gharama, mwanafunzi wa chuo cha umma akatakiwa kulipa sehemu ya karo. Na mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo kila mtu huiita HELB. Mwaka 2023 ukaja mpango mwingine, ambao huzigawa gharama za kozi baina ya ufadhili usiorudishwa, mkopo unaorudishwa, na sehemu ya aila, kwa kadiri ya uwezo wa nyumba anakotoka mwanafunzi. Mpango huo umefikishwa mahakamani: Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa ni kinyume cha Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo kwa muda. Sitaki kuyafuata mabishano hayo hapa. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba katika mageuzi yote hayo sharti moja halikubadilika, nalo ni kwamba fedha humfuata anayesonga mbele.

Sisi wazazi wa Tawa twalijua vizuri sharti la kwanza la msaada, yaani uhitaji, kwa sababu hilo ndilo linaloulizwa hadharani. Twaulizwa tuna ekari ngapi, tuna ng'ombe wangapi, baba yuko hai au la, na watoto wangapi wako shuleni. Na mtu akisha kuthibitisha ufukara wake mbele ya chifu na mbele ya mchungaji hudhani kwamba kazi imekwisha. Sharti la pili, ambalo ni maendeleo ya masomo, halipiti mikononi mwa chifu. Lapita kimyakimya katika ofisi ya msajili wa chuo, katika orodha ya waliofaulu na ya wasiofaulu, na mzazi hana habari nalo mpaka siku fedha zinapokatika.

Mkopo hautolewi mara moja kwa miaka minne. Wa mwaka wa kwanza una maombi yake, na kila mwaka unaofuata una maombi mengine, ambayo hufunguliwa na kufungwa kwa tarehe. Aliyeomba mwaka wa kwanza akadhani ameomba yote hujikuta mwaka wa pili hana kitu. Fedha za karo hupelekwa chuoni, za matumizi hutumwa kwa mwanafunzi mwenyewe, kwa awamu, muhula kwa muhula. Bodi haina macho chuoni. Yategemea chuo kiithibitishie kwamba fulani amesajiliwa na yuko katika mwaka fulani. Mwanafunzi ambaye hakusajili yuniti zake kwa wakati, hata kama yuko darasani kila siku asubuhi na daftari wazi mbele yake, katika macho ya Bodi hayuko. Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza kwa mwanafunzi ni kwamba wiki mbili za kwanza za muhula, kabla ya kutafuta chumba kizuri na kabla ya kuzuru jamaa, asajili yuniti zake, achapishe karatasi ya usajili, na aiweke. Karatasi hiyo huchapishwa kwa shilingi chache katika saiba yoyote.

Wala mambo haya si ya Kenya peke yake, nisije nikadhaniwa naisingizia nchi yangu ukali. Jirani zetu wa Tanzania wana bodi yao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo yasema wazi kwamba mwanafunzi anayeendelea hupewa mkopo akiwa amefaulu mitihani ya kumwingiza mwaka unaofuata. Na huko Marekani, waliko jamaa zetu ambao watoto wao wamepata ukaazi wa kudumu na huweza kuomba msaada wa serikali kuu, kuna hesabu tatu ambazo chuo huzifanya. Ya kwanza ni wastani wa alama, ambao aghalabu hutakiwa usipungue 2.0 katika 4.0. Ya pili ni mwendo, yaani katika masomo yote aliyojiandikisha awe amefaulu kiasi cha asilimia 67. Ya tatu ni muda, kwamba kozi yenye vipimo (yaani krediti) 120 haitagharimiwa ikiwa mtu amekwisha kujaribu vipimo 180, maana kikomo ni mara moja na nusu. Mwenye kujiandikisha vipimo 30 akafaulu 18 amepata asilimia 60, na ameanguka katika hesabu ya mwendo hata kama hizo 18 alizipata kwa alama za juu. Na somo aliloliacha katikati huhesabiwa kuwa alilijaribu. Nawataja hao kwa sababu wao wameziandika hesabu zao waziwazi, ilhali kwetu mwanafunzi hana budi kuzitafuta mwenyewe katika kitabu cha kanuni za mitihani, ambacho hupewa siku ya kwanza na wengi hukitumia kufunikia sufuria.

Hebu tuitazame hesabu ya yuniti moja. Katika vyuo vyetu vingi alama ya kufaulu ni 40 katika 100, na mia hiyo yagawanyika: 30 ni za majaribio ya darasani, ambayo wanafunzi huyaita CAT, na 70 ni za mtihani wa mwisho. Mwanafunzi aliyepata 20 katika CAT amebakiwa na deni la alama 20 tu katika 70. Aliyepata 9 anahitaji 31. Na yule ambaye hakuifanya CAT kabisa, kwa kuwa siku hiyo alikuwa Machakos akibeba mawe ya ujenzi ili apate nauli, anahitaji 40 katika 70, yaani ni lazima apate asilimia 57 ya mtihani ili ahesabiwe kuwa amepata ile 40 ya chini kabisa. Nimewaonyesha vijana hesabu hii kwa kijiti mchangani, na nimewaona wakinyamaza. Kila mtu huogopa mtihani, wala hakuna anayeiogopa CAT, nayo ndiyo inayoufanya mtihani uwe mkali au mpole. Kadhalika kuna mahudhurio: vyuo vingine hutaka theluthi mbili ya vipindi, vingine robo tatu, na aliyepungukiwa huweza kuzuiwa asifanye mtihani hata kama karo amelipa yote.

Sasa nafika penye kiini cha shauri langu, nami naomba msomaji anipe wasaa. Mwanafunzi aliyeshindwa yuniti hupewa mtihani wa marudio, ambao wenyewe huuita sapu. Sapu ni rehema, lakini ni rehema yenye kipimo, kwa kuwa katika vyuo vingi hata ukipata 75 katika sapu utaandikiwa 40 na si zaidi. Hiyo 40 hubaki katika matokeo yako mpaka mwisho, na huvuta wastani wako chini. Shahada ya daraja la pili la juu, ambayo wafadhili wengi wa masomo ya baadaye huitaka, yataka wastani wa 60 hadi 69; na yuniti tatu zenye 40 huwa mzigo mzito kwa mtu anayetafuta 60. Lakini uko mtihani mwingine, unaoitwa mtihani maalumu, ambao hupewa yule ambaye hakuweza kufika kwa udhuru uliokubaliwa: ugonjwa, kujifungua, msiba. Katika mtihani maalumu alama zako huandikwa kama ulivyozipata, 75 ikawa 75. Watu wawili waliokosa mtihani mmoja, siku moja, kwa homa ile ile, mmoja huandikiwa 40 na mwingine 75, na kilichowatenga ni kwamba mmoja alipeleka barua na mwingine alinyamaza.

Barua hiyo haina budi kufika mapema. Ukiugua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni hapa Tawa, na uombe karatasi yenye tarehe, saini na mhuri. Daktari hawezi kuandika leo kwamba ulikuwa mgonjwa mwezi uliopita hali hakukuona, na akikuandikia hivyo karatasi hiyo haitakufaa. Ukifiwa, chukua barua ya chifu na nakala ya kibali cha mazishi. Ama ukiwa umezuiwa kwa ajili ya karo, sharti nikwambie ukweli: vyuo vingine huukubali udhuru huo na vingine hukataa. Lakini sijaona chuo kilichokubali udhuru ambao hakikuambiwa. Kwa hiyo siku ile ile unapozuiwa mlangoni, usirudi chumbani. Nenda kwa mkuu wa idara ukiwa na kalamu, uandike kwamba leo, tarehe fulani, saa fulani, nimezuiwa kufanya mtihani wa yuniti fulani kwa sababu ya salio la shilingi kadha, na basari yangu bado haijafika. Acha nakala moja, na ya pili utiliwe saini ya kwamba imepokewa.

Na ikiwa taabu ni kubwa kuliko mtihani mmoja, kama vile ugonjwa mrefu, au nyumba imeanguka kabisa, kuna kuahirisha masomo. Vijana huliogopa neno hili, wakidhani kuahirisha ni kushindwa. Naona wamelifahamu kinyume. Aliyeahirisha kwa barua na kupewa idhini amesimama mahali panapojulikana, na mahali pake pamehifadhiwa. Aliyetoweka bila ya barua ameandikiwa kwamba hakufanya mitihani, na akikosa yuniti nyingi hukariri mwaka au huondolewa chuoni. Anayeahirisha aiarifu Bodi pia, wala asitegemee chuo kumsemea, kusudi fedha zisitumwe kwa muhula ambao hasomi. Na asiyeahirisha akatoweka ajue kwamba deni halitoweki pamoja naye. Sheria yasema mkopo huanza kulipwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, au wakati wowote Bodi itakapoamua kuudai, lolote litakalotangulia. Nao hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mwenye kukaidi kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Nimewaona watu wazima, wenye watoto, wanaodaiwa fedha za shahada ambayo hawakuipata.

Katika kuandika barua za namna hii, Wamarekani wana utaratibu mmoja ambao naupenda na ambao naushauri hata kwetu. Mwanafunzi wao aliyepoteza msaada huruhusiwa kukata rufaa, na katika rufaa hiyo hutakiwa aeleze mambo mawili tu: ni kitu gani kilichotukia, na ni kitu gani kimebadilika. Barua nyingi ninazoletewa nizisahihishe hueleza la kwanza kwa kurasa tatu, zikataja ukame, na kifo cha nyanya, na ugomvi wa wazazi, kisha zikaishia kwa kuomba huruma. Msajili amekwisha kuzisoma barua za huruma mia. Asilolijua, na analotaka kulijua, ni kwamba sasa mjomba amekubali kulipa nauli, au kwamba dawa zimepatikana, au kwamba salio la karo litalipwa kwa mafungu mawili baada ya maembe kuuzwa. Andika hivyo, kwa nusu ukurasa, na uambatishe ushahidi.

Nimetaja maembe, na yanipasa nieleze, kwa kuwa kalenda ya chuo haikuandikwa na mtu wa Ukambani. Mvua yetu ya kutegemewa ni ile ya mwisho wa mwaka. Ndengu na kunde huvunwa mwanzoni mwa mwaka, na maembe huiva kuanzia Desemba na kuendelea. Lakini karo huulizwa wakati wa mitihani, na wakati huo aghalabu mkono ni mtupu. Mzazi akishtuliwa kwa simu ya ghafula humwita dalali akauza mbuzi au maembe yaliyo bado mtini kwa bei ya kutupa. Ingekuwa afadhali mara mia mwanafunzi aende katika ofisi ya fedha mwanzoni mwa muhula, aombe mpango wa kulipa kwa mafungu unaolingana na mavuno ya kwao, na akubaliwe kwa maandishi. Vyuo vilivyo karibu nasi, kile cha Machakos na kile cha Kusini Mashariki mwa Kenya kilichoko Kwa Vonza, vimejaa watoto wa wakulima. Ombi kama hilo si geni hapo.

Na basari? Basari ya mfuko wa maeneobunge, ulioanzishwa mwaka 2003, na ile ya kaunti, huandikwa hundi kwa jina la chuo, si la mwanafunzi, na hundi moja huweza kubeba majina ya wanafunzi wengi. Nimeona hundi iliyofika chuoni ikakaa mwezi mzima bila ya kuingizwa katika hesabu ya mwenyewe, kwa sababu nambari ya usajili ilikosewa tarakimu moja. Mwanafunzi na aombe kamati imwandikie barua ya kuthibitisha kwamba amepewa kiasi fulani, aipeleke ofisi ya fedha kabla ya mitihani, na baada ya wiki chache adai taarifa ya karo yake aone kama fedha zimeingia. Kisha, mwaka unaofuata anaporudi kuomba, kamati itamtaka matokeo. Kamati ina fungu dogo na foleni ndefu, na matokeo yenye mistari mitupu huitia shaka hata kama mwombaji ni yatima.

Liko jambo jingine ambalo naliandika kwa uchungu, maana linagusa mapenzi ya watu. Fedha za matumizi zinapoingia katika simu ya mwanafunzi, habari hufika nyumbani kabla ya jua kutua. Kuna mdogo wake aliyefukuzwa shule kwa karo, kuna deni dukani, na mwaka wa ukame kuna sufuria ambayo haina hata muthokoi wa kuchemshwa. Kijana mwema hutuma. Hutuma nusu, kisha hutuma robo iliyobaki, na kufikia wiki ya sita amekuwa akilala na njaa na kwenda kibarua, na vipindi vya asubuhi vinampita, na CAT inampita, na hapo ndipo hesabu ile ya kijiti na mchanga inapomdai. Simlaumu mama anayepokea. Mimi nami nilipokea zamani kutoka kwa mwanangu, na niliposikia baadaye alivyokuwa akiishi nilikosa la kusema. Lakini nawaambia wazazi wenzangu bila ya kificho: fedha ile ni mkopo aliouchukua mtoto kwa jina lake, naye ndiye atakayeulipa kwa riba, na tukiila tumekula maendeleo ya masomo yake, na kwa hiyo tumekula mkopo wa mwaka ujao pia. Mdogo wake na aombewe basari yake mwenyewe. Mwanafunzi naye, siku fedha zinapoingia, alipe pango la muhula mzima na anunue unga na maharagwe ya mwezi, ili kitakachobaki cha kuombwa kiwe kidogo.

Mwisho kuna balaa ya alama zilizopotea, ambapo mtu alifanya mtihani na alama zake hazionekani. Hili si kosa la mwanafunzi, lakini asiyelifuatilia ndiye anayeumia, kwa kuwa mstari mtupu wa aliyekosa mtihani na mstari mtupu wa aliyepotezewa alama hufanana. Tunza karatasi za CAT zilizosahihishwa, tunza kadi ya mtihani, na kumbuka kila mara kutia saini katika orodha ya waliohudhuria mtihani, kwani orodha hiyo ndiyo shahidi wako. Na ulizia katika muhula ule ule, kwa barua, kwa mhadhiri na kwa mkuu wa idara. Ukingoja mpaka mwaka wa nne utamkuta mhadhiri amekwisha kuhama.

Yule kijana tuliandika barua yake pale pale barazani, mimi nikisoma na yeye akiandika, nusu ukurasa, bila ya kutaja ukame hata mara moja. Alitaja tarehe tatu, yuniti tatu, salio la karo lililokuwapo siku ile, na stakabadhi ya kwamba sasa limelipwa lote. Hakupewa mtihani maalumu, kwa kuwa alikuwa amechelewa mno. Alikubaliwa kuzirudia zile yuniti tatu zitakapofundishwa tena, na mwaka huo hakuwa na mkopo. Aliukaa nusu nyumbani akimsaidia mamaye kuchuma maembe, na nusu chuoni kwa fedha za maembe hayo. Mama alitaka nakala ya barua ile. Nilimwambia kwamba nakala iliyotiwa saini ya kupokewa iko kwa mtoto, lakini akasisitiza, mpwa wangu akamtolea nyingine, naye akaikunja akaitia ndani ya kopo la bati anamoweka karatasi za shamba. Januari iliyofuata kijana alikuja peke yake, akanionyesha matokeo: yuniti saba na alama saba. Kisha akaniomba kalamu, kwa kuwa maombi ya mkopo wa mwaka wa tatu yalikuwa yamefunguliwa, na alitaka kuandika orodha ya vitu vya kupeleka saiba kabla ya jua kuwa kali.